Ekseli ya Bi Raya

Siku moja ya jua kali, huko Pujini, niliulizwa swali na mwanamke nikanyamaza kimya. Naikumbuka siku hiyo kila nikishika spana, mwanangu, na nikiikumbuka hasira zinanipanda, tena si kwa mtu mwengine ila kwa nafsi yangu. Kaa nikwambie, kwa sababu nawaona vijana wa leo mnavyozifungua gari za watu waliokufa, mnazipiga picha kwa simu mkazitafutia wanunuzi, na hakuna hata mmoja anayeuliza mwenyewe sasa ni nani.

Nilikuwa fundi mchanga kwenye gereji ya Mzee Seif, Chake Chake. Mzee alikuwa na gari ya mashindano ya kizamani, ya milango miwili, aliyoachiwa na babake tangu walipokuwa na mashamba makubwa. Injini yake kali, lakini ekseli ya nyuma nyembamba, na kwa barabara zetu zile ilishakatika mara mbili. Idi Pili vijana walikuwa wanashindana kwenda Wete. Mzee akanambia, "Nitafutie ekseli yenye nguvu kuliko hino, na gari utaendesha weye." Hapo ndipo nilipopata wazimu.

Nikazunguka mpaka Wingwi, nikipima kwa kamba kila chuma kilicholala. Iliyofaa ilikuwa moja tu, chini ya pikapu iliyoegeshwa uani kwa marehemu mmoja Pujini. Nene, nzima, na upana wake ule ule. Lakini mwenyewe alikuwa amekufa mwezi uliopita, mkewe, Bi Raya, yumo ndani anakaa eda na watoto wadogo watatu, na mirathi haijagawiwa. Nikamwendea Hamadi, ndugu wa marehemu.

"Itoe tu," akanambia. "Yule yumo eda, hatoki wala hasemi na wanaume. Utamuuliza vipi?"

Alichotaka yeye ni kukaa kiti cha mbele siku ya Idi, basi. Na mimi nikaona maneno yamekwisha. Angalia ujinga wetu: sharia iliyowekwa kumhifadhi mjane, sisi tukaitumia kumwibia.

Tulishaipandisha pikapu juu ya mawe na nafungua nati za mwisho, sauti ikatoka ndani: "Nani hapo uani?" Hamadi akaweka kidole mdomoni. Sauti ikauliza tena, "Nani nyie?" Nikainamisha kichwa nikaendelea kufungua. Tukaipakia ekseli kwenye gari ya ng'ombe tukaondoka, pikapu tukaiacha pale pale juu ya mawe.

Nikaifunga, na gari ya Mzee ikaruka, sikufichi. Kilima kilichokuwa kikiilemea ikakipanda bila ya kuguna. Mzee Seif akafurahi, akapiga magoti kuitazama ekseli vizuri, kisha akauliza imetoka wapi. Nikamwambia. Akainuka taratibu, na uso wake sijapata kuuona vile.

"Bi Raya umemuuliza?"

"Yumo eda, Mzee."

"Eda imemkataza kutoka, haikumkata ulimi! Ungepiga hodi angekujibu nyuma ya mlango. Mali ya mayatima unanifungia mie kwenye gari yangu, nikachezee? Itoe! Itoe saa hino hino, mtovu wa haya weye!"

Nikajitetea kwamba Idi imeshafika, turudishe baada ya mashindano. Akaichukua spana mkononi mwangu akaitupa barabarani. Niliitoa ekseli ile huku nalia kwa hasira, nikimwona yeye ndiye mkorofi.

Tukarudi Pujini sote wawili, mimi na Mzee. Nikaifunga mahali pake, kisha Mzee akanisukuma mpaka mlangoni, nikapiga hodi nikajitaja jina. Bi Raya alinijibu bila ya kufungua. Akasema kaja mtu kutaka kuikodi pikapu msimu mzima wa karafuu, kaikuta juu ya mawe, kenda zake kwa mwengine. Na wale watoto hawakuwa na tegemeo jengine. Halafu akasema, wala hakupaza sauti: "Na siku ile n'likuuliza nani, hukunijibu. N'lidhani majambazi. N'liwaingiza wanangu mvunguni, nikawaziba midomo mpaka magharibi."

Nikamwomba radhi.

"Ekseli nimeipokea," akasema. "Hilo jengine, mpaka moyo upoe."

Sikurudi kuuliza kama umepoa. Nilikuwa naona haya, nikijiambia mwakani, tena mwakani, hata nikasikia katangulia mbele ya haki. Hamadi nilimchukia miaka mingi, kumbe kidole alikiweka mdomoni mwake, si mwangu.

Basi mwanangu, ukikiona chuma unachokitaka, mtafute mwenyewe kabla hujatafuta spana. Akiwa yuko ndani piga hodi, useme wewe nani na umefuata nini, akikataa, ondoka. Shemeji asikupe ruhusa ya mtu mwenye kinywa chake. Na ukishakosa, usiombe msamaha mara moja ukaona yamekwisha. Rudi. Rudi tena, hata kama unatetemeka, maana mtu hakungoji wewe uondokewe na haya.

Mwenyezi Mungu akujaalie mikono ya kazi, akuepushe na haki za mayatima, na asikufikishe umri huu wangu ukiwa kuna nyumba moja kisiwani huwezi kupita mbele yake. Amin.