Siku ya Kuchimba Viazi kwa Saturnino

Je, ungekubali kuchimbiwa viazi na watu usioweza kuwachimbia vyao? Saturnino alikataa. Kijijini kwao, milimani Peru, anayekuja shambani kwako nawe huenda kwake, lakini ugonjwa wa figo ulikuwa umemmaliza nguvu. Na viazi vyake vikichelewa kuchimbwa vingeharibiwa na baridi.

“Kaka, mikono nayo inaumwa?” jirani yake Hermelinda alimuuliza.

“Mikono mizima.”

“Basi kila shamba litakapochimbwa, lako na letu, utamenya viazi vya mchuzi wa wachimbaji. Au kumenya si kazi? Muulize mkeo.”

Saturnino akacheka, akakubali.

Kesho yake asubuhi majirani waliingia shambani kwake na majembe. Saturnino aliketi kando, akamenya kwa kasi mpaka Hermelinda akamwita:

“Taratibu, kaka. Tuachie vya mbegu.”