Korongo wa Vudee

Tangu amuoe mdogo wangu, shemeji yangu Asheri hajawahi kukaa huku Vudee mlimani kiangazi kikaisha. Mahindi yakishapukuchuliwa na maharage yakishaingia guniani, huyo, anatafuta begi. Anashuka Same mjini, anapanda gari la kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, eti biashara ya samaki. Mawingu ya vuli yakianza kujikusanya, huyo tena, anateremka garini na kofia mpya na kusalimia watu kama mgombea. Hiyo biashara sijui inafanyikaje, maana anachokileta nyumbani ni perege wakavu wa mboga ya siku mbili na harufu ya wiki nzima.

Mimi ni Hedwiga, dada mkubwa wa Eliwaza. Tumeolewa kijiji kimoja na mashamba yetu yamepakana, kwa hiyo siongei ya kusikia. Eliwaza ni mfupi, mkimya, na akitembea na jembe begani utadhani kuna mahali amechelewa. Mimi nilipewa mdomo, yeye akapewa subira, na mpaka leo naona Mungu aligawa vibaya.

Mgeni akifika Vudee mwezi wa nne hudhani tunaishi peponi. Aje Septemba. Kijito kinakuwa chembamba, vumbi linapanda mpaka kwenye makande, na roho zetu zote ziko kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kuchimba; linakusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi tunafungulia yashuke kwa mfereji mpaka mashambani, kila nyumba na zamu yake. Halijisafishi lenyewe. Kiangazi pembe inalia, wenye zamu wote tunakwenda msaragambo, tunaingia ndani na majembe na karai kutoa tope mpaka viuno vinagoma. Sheria yetu ni fupi: asiyetoa tope hana maji.

Siku ya zamu, mwenyekiti wa ndiva, Mzee Zebedayo, husimama ukingoni na kuita jina. Mwenye zamu hujibu "Nipo!" halafu huenda kuzibua mfereji uelekee shambani kwake. Sasa jina linaloitwa ni la baba wa nyumba, ndivyo tulivyokuta. Basi miaka yote Mzee Zebedayo anaita "Asheri!" na anayejibu "Nipo!" ni Eliwaza, kwa kile kisauti chake chembamba, na watu wanacheka. Tope katoa yeye, mfereji anazibua yeye, jina la Asheri. Ukimtazama mdogo wako anaitikia jina la mwanamume aliyeko bwawani anapunga upepo, mwenzangu, utalia au utatukana. Mimi hutukana.

Kama angekuwa anaondoka kimya kimya ningemwita mvivu yakaisha. Lakini Asheri ana elimu! Kiangazi kimoja alipata kibarua cha kumbebea mizigo mtafiti wa ndege kule mbuga ya Mkomazi, akachungulia kwenye darubini mara mbili tatu, akarudi profesa. Jioni moja tumekaa jikoni kwao, Eliwaza anachambua maharage, yeye kakunja nne, akaanza.

"Shemeji, unajua kwa nini korongo huja huku kwetu?"

"Wamesikia sifa zako," nikamwambia.

Hakuelewa kwamba nimemdharau. Akaendelea, na nikiri tu, maneno ya yule mtafiti yalikuwa mazuri. Alisema kwao korongo, Ulaya, kuna majira ya baridi kali. Vyura wanajificha, panzi wanakufa, ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Zamani za kale walikuwepo korongo wazito wa kuondoka, na walikuwepo ambao baridi ikikaribia mbawa zinawawasha. Wale wazito walikufa njaa wasiache kifaranga. Wale wa kuwashwa walikuja kula panzi wa huku, wakarudi kwao wakati wa joto, mchana mrefu na chakula tele cha kulisha watoto. Watoto nao wakazaliwa na muwasho uleule. Kizazi baada ya kizazi, majira yakawachekecha kama unga kwenye chekeche, wakabaki wa kuhama.

"Hakuna mtu aliyewafundisha," akasema. "Ni damu."

"Mbona sasa wasikae huku moja kwa moja, kusikokuwa na baridi?"

"Wakae wale nini Agosti, shemeji? Na huku wenyeji wamejaa, kila panzi ana mwenyewe. Kule watoto wao watashiba zaidi."

Nikanyamaza, maana jambo lilikuwa na akili. Nilikosea kunyamaza. Jamaa akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani.

"Basi na mimi ndiyo hivyo. Babu yangu alihama, baba yangu alihama kwenda kukata mkonge. Damu hiyo. Kiangazi kikiingia mwili wenyewe unaniambia ondoka."

Ebo! Nikamwambia korongo ninaowaona mimi huondoka mwezi wa tatu, hakuna hata mtu aliyevuna punje ya masika, ila yeye hukaa mpaka gunia la mwisho limeshonwa. Muwasho gani huo unaosubiri maharage yapigwe? Nikamwambia mbona hakumtazama hondohondo wa msitu wetu wa juu, ambaye matunda hayamwishii na kwa hiyo hana safari. Jike akitaga hujifungia ndani ya tundu la mti, wanaziba kwa udongo, kinaachwa kipenyo tu, na dume kazi yake kutwa ni kumletea mkewe chakula mdomoni. Huyo hakuonekana kwenye darubini? Asheri akacheka, akasema mambo ya sayansi siyawezi. Eliwaza alikuwa ameshika jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage na anamsikiliza mumewe.

Sasa njoo mwaka huu. Mfereji wetu wa zamani ulikuwa unavujisha maji njiani, nusu yanaishia magugu. Kiangazi hiki tukakubaliana kuufukia na kuchimba mwingine upande wa juu, nyuma ya kanisa. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake. Kipande cha Eliwaza kilikuwa na mwamba. Aliuchokonoa kwa mtaimbo siku baada ya siku, jioni nampaka mafuta viganja, na palipokuwa mfereji wa zamani tukapanda majani ya tembo ya ng'ombe. Asheri alikuwa bwawani. Mwili ulikuwa umemwambia aondoke.

Novemba korongo wakaonekana kule tambarare, na korongo wetu naye akafika, siku ya Jumatatu. Kilichokataa kufika ni mvua. Vuli ilikuwa imetudanganya kwa manyunyu ya Oktoba, tukapanda, halafu jua likafungua macho. Mahindi ya Eliwaza yalikuwa yamefika magotini na majani yameanza kujikunja. Zamu yake ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo. Akiyapata maji ya Alhamisi na zamu zitakazofuata, angevuna. Akiyakosa, ni kulisha ng'ombe mabua na kuomba unga kwa majirani mpaka mavuno ya masika.

Kesho yake, Jumanne jioni, Asheri anachokonoa meno kwa kijiti, anamwambia mkewe kwamba zamu amempa Kassimu. Kassimu ni mfanyabiashara wa Makanya, kakodi shamba chini yetu, analima nyanya. Si Alhamisi hii tu, vuli nzima. Wameshakubaliana bei.

"Na mahindi?" Eliwaza akauliza.

"Tutapanda masika."

"Mpaka masika tutakula nini, Baba Hellen?"

"Mimi nitarudi bwawani kidogo. Wewe si una dada yako?"

Eliwaza akaja kwangu akanieleza akiwa amesimama. Hakulia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikamwambia nakwenda kumtoa huyo mtu kofia na kichwa chake. Akanishika mkono. "Dada, hajaniuliza lolote kuhusu mfereji," akasema. "Na mimi sijamwambia."

Alhamisi tulikusanyika ukingoni. Kassimu alikuwepo, kijana wa watu, ana adabu zake. "Shikamoo, dada," akaniamkia, nikaitikia marahaba huku nimekunja uso, maana sikujua bado kama ni mwizi au ni mjinga. Mzee Zebedayo akakohoa, akaita kama kawaida yake.

"Asheri!"

"Nipo!" Sauti nzito ikatoka, ya mwenyewe kabisa. Eliwaza alikuwa nyuma yangu na jembe lake, kimya.

Asheri akavua koti, akalitundika mtini, akaweka jembe begani na kushuka. Akashuka upande wa chini. Sisi wote tukatazamana. Akaingia kwenye majani ya tembo, akayafyeka, akaanza kuchimba kwa mbwembwe, udongo unaruka, kofia imekaa upande. Mzee Zebedayo, ambaye kwa kawaida hana utani na mtu, akainua mkono tusiseme neno. Jamaa akachimba mpaka jasho likamlowesha mgongo. Kisha akanyooka na kupiga kelele:

"Haya, fungulieni!"

Loo! Kilichofuata ni kicheko cha mlima mzima. Mimi nilikaa chini. Kassimu akaniinamia, akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, kwani pale anachimba nini?"

"Anafukua elimu," nikamjibu.

Asheri akapanda akiwa amevimba. "Nani amehamisha mfereji wangu?"

"Wenye mfereji," Mzee Zebedayo akasema. "Kiangazi chote tulikuwa tunauchimba. Asiyetoa tope hana maji, unaijua sheria. Wewe ulikuwa wapi?"

Mtu mwenye haya angesema samahani, yakaisha. Asheri akavua kofia na kuanza korongo wake! Baridi ya Ulaya, vyura, muwasho, chekeche, vyote. Kwamba kuhama si uvivu, ni majira ndiyo yaliyomuumba hivyo, na kwamba ndege hanyang'anywi haki kwa kuwa amefuata damu yake. Kwamba tope limetolewa na mke wake, na mke ni nyumba yake, kwa hiyo ametoa yeye. Kwamba jina linaloitwa ni lake, na akitaka kumpa Kassimu atampa Kassimu.

Na wanaume wakaanza kutikisa vichwa kukubali! Wamo wengine wenye ndugu walioko Moshi na Dar, ambao majina yao huku yanaitikiwa na wake zao, wakaona wakikaa kimya yatawafika. Mzee Zebedayo akajikuna kidevu. Hajawahi kuita jina la mwanamke ambaye mumewe yu hai, amesimama hapo hapo na kofia mkononi. Niliona maji ya mdogo wangu yanaondoka hivi hivi, nikaanza kufunga kanga kiunoni.

Eliwaza akanipita. Akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Hellen, naomba kuuliza. Hao korongo, wakiwa huku kwetu, viota wanajenga wapi?"

Asheri akatabasamu. Hakuna kitu anachopenda kama kuulizwa. "Huku hawajengi, mke wangu," akasema, akiwageukia watu wote ili nao wafaidi. "Hata kimoja. Nyumba yao iko kule kule Ulaya. Huku wanafuata chakula tu. Kikiisha, wanaondoka."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Asheri anayasikia maneno yake mwenyewe, moja moja, baada ya kuwa yameshatoka. Mdomo uliponza kichwa.

"Asante," Eliwaza akasema. "Nilitaka wakusikie wewe."

Kassimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitikisa. "Mzee, mimi naomba nijitoe," akamwambia mwenyekiti. "Nilidhani nimeongea na mwenye shamba." Akaniaga kwa heshima na kushuka kwenye nyanya zake, nami nikaamua kwamba si mwizi.

Mzee Zebedayo akarudi ukingoni. Akakohoa kikohozi chake chote, akaita upya.

"Asheri!"

Sote tukamgeukia Eliwaza, kwa mazoea. Mdogo wangu alikuwa amefunga mdomo, anatazama mbele. Asheri naye alikuwa anaigeuza kofia yake mkononi, anatafuta kitu ndani yake.

"Asheri!" mzee akarudia. Maji yalikuwa yamejaa mpaka juu, yanasubiri. Hakuna aliyeitikia. Nikaona kifua cha yule mzee kikipanda na kushuka.

"Eliwaza!"

"Nipo!" Jembe lilikuwa tayari begani.