Shemeji Yangu na Mahari ya Kwenye Televisheni

Shule niliachana nayo darasa la tatu na hakuna aliyenitafuta. Kamera nilijifunza kwa Mhindi mmoja mwenye studio ya picha katikati ya mji wa Mwanza. Aliniajiri kufagia, baadaye akaniacha nishike taa, na mgongo ulipomkatalia kuinama akanipa kamera yenyewe. Alikuwa na neno moja tu la kufundishia: ngoja. Bibi harusi akiwa na haya, ngoja. Wingu likipita, ngoja. Kwa neno hilo nimepiga harusi za Kisesa na Misungwi, misiba, ubatizo, hata minada ya ng'ombe. Anayenidharau kwamba mimi ni mtu wa video za harusi, aniletee mwingine anayeweza kumfuata mama wa bibi harusi akicheza kwenye vumbi bila kumkata kichwa.

Kwa hiyo tamthilia ya televisheni ilipokuja kwetu kutoka Dar es Salaam, na mpiga picha wao akalazwa kwa malaria kabla hajapiga chochote, nilijua watanifikia. Mwongozaji alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, ana miwani mikubwa na simu mbili. Alinisalimia vizuri, shikamoo mzee, nikaitikia marahaba, halafu akaniambia bila kuzunguka. Huko Dar kuna mpiga picha mwingine ameshafunga mabegi, anasubiri simu tu. Mimi nipige onesho moja. Likimridhisha, tamthilia yote ni yangu mpaka mwisho. Lisipomridhisha, simu inapigwa. Nikampenda kwa hilo, maana hata mimi sipendi watu wa kuzunguka.

Onesho lenyewe lilikuwa la mahari. Upande wa mwanamume unaleta ng'ombe, wazee wa msichana wanapokea, msichana anachungulia mlangoni, basi. Tulipata boma zuri nje kidogo ya Usagara, lenye uzio wa minyaa na ua mpana, na nyuma yake mawe makubwa yaliyopandana. Jua la jioni likiyagusa yale mawe, hata mtu mbaya wa sura anapendeza. Ng'ombe tuliazimwa na jirani. Shida ikawa wazee. Waigizaji waliokuja nao walikuwa na vitambi vya mjini na viatu vya kung'aa, na mmoja alikaa kwenye kigoda kama anaogopa kitamuuma. Nikamwambia binti aniachie mimi, nitamletea wazee wenyewe.

Nikamletea shemeji yangu.

Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, mfugaji, mrefu, mwenye sauti ya kuitia mifugo iliyo bondeni. Nilipokwenda kuoa, yeye ndiye aliyekaa mbele. Alituanika juani toka asubuhi, anahoji kila pembe na kila kwato, mpaka wazee wangu wakaanza kusinzia. Tunataniana tangu hapo. Yeye huniita kinyozi, kwa kuwa anaona kazi yangu ni kuzunguka vichwa vya watu. Basi akaja na wenzake na fimbo zao, wakakaa, wakaanza kutafuna michembe, vile viazi vya kukaushwa, na binti akaninong'oneza kwamba hawa ndio aliokuwa akiwatafuta.

Akawaelekeza kwa heshima. Mshenga atasema maneno yake, ng'ombe wataingia, babu utainuka, utasema tumepokea. Shemeji akauliza kama ni hayo tu. Akaambiwa ni hayo tu.

Tukaanza. Mshenga, mwigizaji kijana wa Dar aliyekariri vizuri, akasema yake. Ng'ombe wakaingia. Shemeji akainuka, lakini badala ya kusema tumepokea akawaendea ng'ombe. Akampapasa wa kwanza nundu, akampita. Akafika kwa jike mmoja mwekundu, akainama kutazama kiwele, akamfunua mdomo, akarudi kukaa.

"Yule mwekundu arudi alikotoka," akasema. "Ananizidi umri."

Binti akasema kata. Akamkumbusha maneno yake, na shemeji akajibu kwamba anayakumbuka sana. Ng'ombe wakatolewa, wakaingizwa upya. Safari hii hakuinuka hata kidogo, alimnyooshea fimbo yule mwekundu angali kwenye lango. Wenzake nao wakapata moto, mmoja akagundua kwamba dume ana chongo.

Nikamvuta shemeji pembeni. Nikamwambia haya ni maigizo, hakuna anayeolewa hapa, yule msichana ana mume wake Dar.

"Wewe kinyozi, sura yangu itaonekana wapi?"

Nikamwambia kwenye televisheni.

"Misungwi wataiona?"

Nikamwambia hata Bukoba wataiona.

"Haya. Mimi nina mabinti nyumbani. Watu wanione nimepokea kikongwe kile, halafu wakija kwangu waje na nini? Na kuku?"

Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Mbaya zaidi, mwenye ng'ombe alikuwa amesikia yote. Alisimama nyuma yetu amevimba, ng'ombe wake katukanwa mbele ya wageni, akatangaza kwamba anawaswaga wote nyumbani. Jua lilikuwa limeshayagusa mawe. Binti alikuwa amejitenga kule kwenye minyaa, simu mkononi, na namba aliyokuwa anaitafuta niliijua.

Nikamwendea. Nikamwomba nafasi moja tu, kwa sharti moja: neno kata alimeze mpaka mimi mwenyewe niteremshe kamera. Akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia nitapiga harusi. Akanitazama, akatia simu moja mfukoni. Ile nyingine akabaki nayo.

Nikaing'oa kamera kwenye miguu yake, nikaitia begani. Nikamwambia mshenga asahau alichokariri. Kama kweli amekuja kuombea mtu mke, ambembeleze yule mzee. Kisha nikamgeukia mwenye ng'ombe: kama ana uchungu na ng'ombe wake, aingie amtetee, asimame upande wa bwana harusi.

Aliingia kabla sijamaliza kusema. Akatangaza kwamba yule mwekundu amenywesha maziwa nusu ya kitongoji hiki. Shemeji akauliza lini, enzi za Mjerumani? Wazee wakacheka, mwenye ng'ombe naye akacheka bila kutaka, halafu akakasirika kwa kuwa amecheka. Mshenga akapiga magoti vumbini na shati lake jeupe, akaanza kuomba kwa maneno ambayo hayakuandikwa popote. Mimi nikawa nazunguka vichwa, kinyozi kweli. Nilipita katikati ya pembe na nyuso, nikashuka kwenye mikono ya shemeji, nikaikuta inaviringisha fimbo polepole. Mikono ile naikumbuka tangu siku ya mahari yangu. Akiviringisha fimbo ameshakubali, anataka tu abembelezwe kidogo zaidi.

Nikangoja. Halafu nikamwacha shemeji kabla hajafungua mdomo, nikaipeleka kamera kule mlangoni alikosimama msichana, nikakaa hapo usoni kwake. Nyuma yangu nikasikia ile sauti ya bondeni: "Mwekundu abaki. Ila asindikizwe na mtamba." Msichana akaweka mkono kifuani. "Tumepokea," shemeji akamalizia. Msichana akafumba macho, na jua lote lililobaki lilikuwa usoni pake. Nikateremsha kamera.

Binti aliirudisha picha kwenye kioo chake, akaitazama, akairudia.

"Mzee, yule wa Dar nitamwambia afungue mabegi," akasema. "Ila huyu shemeji yako, tafadhali, asirudi."

Nikamwambia hilo dogo. Halikuwa dogo, kwa sababu mwenye ng'ombe alipotaka kuondoka alimkuta shemeji amekaa langoni, anasema mali iliyokwisha kupokelewa haitoki. Tuliongea mpaka sauti zikakauka, na hakusogea mpaka alipoahidiwa mbuzi.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, watu wakawa wanauliza habari za yule mzee wa ng'ombe. Binti akanituma yeye mwenyewe nikamlete. Shemeji akaja na koti, akawa anaingia na kutoka kama mwenye nyumba, mpaka tulipofika kwenye onesho ambalo wale vijana wanaachana. Akauliza jambo moja: mke akirudi kwao, si ng'ombe nao wanarudi? Akajibiwa ndivyo ilivyo desturi. Akachukua fimbo yake, akasema yeye harudishi hata kwato, kwanza mbuzi alishamla.

Binti akanigeukia kwa ile miwani. Nikamwambia neno la Mhindi wangu, angoje. Akangoja, shemeji hakulegea, binti akakaa chini akaiandika hadithi upya. Wanandoa wale mpaka leo wako pamoja, ingawa kila nikiwatazama kupitia kamera naona wazi kwamba wangependa kuachana.