Shangazi Bomba Anaumwa Magoti

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wenye simu za kugusa na wenye za kubonyeza, kwamba takwimu za idara ya maji, zilizokuwa zimekufa, zimefufuka. Aliyezifufua ni mama mmoja mpokea simu, miguu imemvimba, na siku hiyo hakuwa amepata hata nafasi ya kwenda chooni.

Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko. Kutwa watu wasiomjua walimtukana kwa ajili ya bomba asilolijua. Ratiba ya mgawo wa maji ilitumwa kwenye simu za wateja kila wiki, jedwali zuri la rangi rangi, na hakuna aliyelisoma. Ndipo bosi mpya akarudi kutoka semina, macho yanamng'aa.

"Mama, taarifa bila hadithi ni maiti," alisema. "Wewe una sauti. Watungie hadithi, irekodi, tuwatumie. Malalamiko yakipungua, nakuhamishia stoo."

Stoo! Huko hakuna simu wala wateja, ni koki na vipande vya mabomba tu, na koki haijawahi kumtukana mtu. Mama alijifungia chumba cha mafaili, akaisimulia simu yake habari za Shangazi Bomba: amewabebea mtaa mzima maji tangu usichana wake, asante hajapewa, na sasa magoti yamegoma. Alhamisi atalala kitandani kutwa. Wanangu, jazeni ndoo Jumatano. Hakuhitaji kubuni sana. Magoti ya mfano alikuwa nayo.

Hadithi ilisambaa hadi kwenye makundi ya harusi na ya misiba. Alhamisi maji yakakatika, simu ikaanza kulia.

"Idara ya maji, karibu."

"Shikamoo mama. Shangazi anaendeleaje?"

"Marahaba. Shangazi gani?"

"Si huyo wa magoti. Mwambieni ajikande na maji ya moto."

"Haya. Ndoo mlijaza?"

"Ndoo za nini tena, mama? Sisi tunamuulizia mgonjwa."

Ikawa hivyo kutwa nzima. Mmoja alilia. Mwingine, fundi cherehani, alitaka kujua kama shangazi ana mume. Jioni mama alifika nyumbani akamkuta wa kwake amekaa karibu na vyombo vichafu, simu mkononi.

"Uliisikiliza?"

"Mara mbili, mke wangu. Umenitoa machozi."

"Na maji uliteka?"

Mume akazitazama ndoo tupu, kisha akamtazama mkewe kama mtu aliyeonewa. "Sasa mbona hukuniambia?"

Mama hakuwa na nguvu ya kugomba. Alijifuta uso kwa kitambaa kikavu, akalala.

Jumatatu bosi aliwakusanya wafanyakazi mbele ya skrini. Mstari wa malalamiko ulikuwa umeporomoka hadi chini kabisa, maana wote waliopiga walikuwa wamewekwa kwenye safu ya salamu.

"Takwimu zimepata moyo," bosi alisema, mkono kifuani. "Wateja wanaipenda sauti hii kuliko maji yenyewe. Kwa hiyo habari za stoo tuziache kwanza. Mama atabaki hapo hapo kwenye simu, awape watu hali ya mgonjwa."

Makofi yakapigwa.

"Mama, una neno kwa wenzako?"

Mama akainuka taratibu, ameshika meza.

"Naomba kiti chenye mgongo."