Matundu Niliyoyapanua

Mke wangu alipoleta nyumbani ile mipira myeusi ya kumwagilia, nilicheka. Kikundi chao cha akina mama hapa Mweiga kilikuwa kikiwanunulia wanachama kwa zamu. Unalaza mpira kando ya mstari wa vitunguu, unauunganisha na pipa lililoinuliwa juu ya mawe, na maji yanadondoka kwenye shina tone kwa tone kupitia vitundu vidogo. Mimi nimelelewa na mfereji wa baba. Kwangu maji ni yale unayoyaona yakikimbia. Nikamwambia hayo ni machozi ya paka. Vitunguu vyake vikanawiri huku viazi vyangu vikijikunja kwa jua, na hilo, nakiri, liliniuma.

Ijumaa moja alienda mazishini. Kesho yake kikundi kilikuwa kije kukagua: kikikuta mipira mizima, kingemwongezea ya kutosha kipande chote kilichobaki. Nikaona nimsaidie. Nikapasha msumari kwenye jiko, nikapanua matundu yote ya mistari minane, tena nikipiga mluzi. Maji yakatoka kwa nguvu kama nilivyotaka. Pipa likaisha kabla sijanawa mikono. Mistari ya juu ikawa matope, vitunguu vimelala. Ya chini haikupata hata tone, na maji ya bomba la mradi, yanayofunguliwa kwa zamu, hayangerudi hadi Jumanne.

Aliporudi aliitazama mipira, kisha akautazama msumari uliokuwa bado juu ya jiko. Akaenda kubadilisha nguo.

Jumamosi akina mama walisimama shambani, na mwenyekiti wao akauliza ni nani aliyetoboa. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nakumbuka nilifungua mdomo, kisha nikaufunga. Mimi, mwalimu wa sayansi, mbele ya wanawake niliowafundishia watoto. Naona haya hata kuliandika.

“Ni mimi,” mke wangu akasema. “Nilidhani maji iko kidogo.”

Wakaamua mipira mipya iende kwa jirani, yeye arudi mwisho wa foleni. Hakuna aliyemkemea. Mwenyekiti alimshika bega kwa upole.

“Siku ingine uliza mwalimu kwanza. Si uko na yeye hapo kwa nyumba?”

Mke wangu akasema ataniuliza. Nami nikamimina chai, nikaanzia kwa mwenyekiti, na wote wakanishukuru.