Maji ya Sukari ya Bwana Macho

Kabla meli haijazama, kuitwa Macho ilikuwa sifa. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kidungu juu ya mlingoti, aangalie mbele, na akiona kitu apige kengele. Mabaharia wenzake walimtania kwamba humwona ndege kabla ndege mwenyewe hajajua kuwa anaruka. Halafu asubuhi moja, jua limeshatoka na bahari imetulia tuli, ile meli kubwa ambayo hadi leo watoto wanafundishwa habari zake shuleni ikapanda mwamba. Kengele haikulia. Wakubwa wakakaa kitako, wakaamua kwamba mlinzi alisinzia. Jina likabaki lilelile, ila wanaolitaja hukohoa kidogo kwanza.

Yeye aliwaambia mara moja tu kwamba hakulala, aliona bahari tupu. Walipocheka, akafunga mdomo. Akaenda kufanya kazi na mkewe kwenye chumba cha kufulia cha hospitali: mke anapiga pasi, yeye anakunja mashuka, pembe kwa pembe, pindo kwa pindo, mpaka nywele zikawa nyeupe kama hayo mashuka. Ukimuuliza hali, nzuri. Ungemwambia nyumba yake inaungua, angejibu nzuri vilevile.

Wakubwa hawakumuumiza kama alivyomuumiza dada yake. Dada huyo, waliyenyonya ziwa moja, alikuwa na mtoto wa pekee, mpishi humohumo melini, na aliyemtafutia kazi hiyo ni mjomba wake, Macho mwenyewe. Kijana hakurudi. Dada hakupiga kelele wala hakulaani. Aliacha tu kusema na kaka yake. Wakikutana dukani, yeye hutazama magunia ya mchele mpaka mwenzake atoke. Macho alikuwa na haja moja iliyobaki duniani, dada amwambie neno, hata likiwa tusi.

Sasa juzi akaja nyumbani kwao binti mmoja, mtaalamu wa hali ya hewa, amekumbatia tangi dogo la kioo kama la kufugia samaki. Alikuwa amefukua vipimo vya siku ile. Akaeleza kwamba maji ya baridi yalikuwa yamepanda kutoka chini, na upepo wa joto wa nchi kavu ukaja kulala juu yake. Hewa ikawa matabaka mawili, baridi chini, joto juu, na mwanga ukipita hapo hupinda. Mstari wa bahari na mbingu huonekana umenyanyuka kama ukuta, na mwamba mfupi humezwa humo. Huenda ndivyo ilivyokuwa, alisema.

Mke aliweka pasi chini. "Huenda? Mwenzako amebeba maiti za watu kichwani miaka yote hii, wewe unamletea huenda?"

"Mama, mimi sikuwepo," binti akajibu. "Ninachoweza ni kumwonyesha kwamba inawezekana."

Akaomba sukari. Mke akaitoa huku akinung'unika kwamba elimu ya siku hizi inakula sukari ya wiki nzima. Binti akaikoroga kwenye maji, akayamimina tangini, kisha juu yake akateremsha maji matupu polepole, kwa mgongo wa kijiko, yasichanganyike. Nyuma ya kioo akasimamisha karatasi yenye mstari na kijiwe kilichochorwa. Macho akachuchumaa, akatazama. Mstari ulikuwa umepanda. Kijiwe hakikuwepo.

"Ndiyo," akasema. "Siku ile ulikuwa juu hivyo."

Binti alingoja machozi, au walau shukrani. Macho aliuliza tu kama tangi linaweza kubaki hadi kesho.

Kesho yake akalibeba kwenda kwa dada, maana dada asingekanyaga kwake. Mkewe alimwambia atembee kama aliyebeba uji wa moto, naye akatembea hivyo, viwiko vimebana mbavu. Watu wakauliza kama Macho sasa anauza samaki. Akapita barabara yenye mashimo, akapanda ngazi za dada, akagonga kwa kisigino.

Dada alifungua, akasogea kando. Macho akaweka tangi mezani, akasimamisha karatasi nyuma yake, akaeleza yote, baridi na joto na mwanga unaopinda. Dada akainama, akatazama muda mrefu. Macho naye akainama. Mstari ulikuwa mahali pake, umenyooka. Kijiwe kilionekana vizuri kabisa. Njiani maji yalikuwa yamechanganyika.

Hakuona aibu. Hakuhisi chochote. Alitazama kijiwe kama anavyotazama shuka.

"Jana hakikuonekana," akasema.

Dada alivuta kiti, akakaa. Sauti yake ilitoka na kutu.

"Kwa hiyo hata ungekodoa macho?"

"Niliyakodoa, dada."

"Na mimi sasa nikagombane na nani? Na hewa?"

Macho akavuta kiti cha pili. Wakakaa, tangi katikati yao. Dada akachovya kidole, akalamba, akasema sukari yote hii isimwagwe. Akayamimina maji kwenye sufuria, akawasha jiko, akatia majani ya chai. Vikombe alivyotoa vilikuwa viwili.

Chai ilikuwa tamu mpaka ikakera meno.

"Kunywa kabla haijapoa," dada akamwambia.

Akanywa.