Jina la Dume kwenye Cheti cha Biashara

Sikuwa na mpango wa kurudi Turkana. Nilipostaafu ukarani wa biashara Lodwar nilihamia Kitale, nikajiambia vumbi la kule nimekula la kutosha. Kisha Apalokori, rafiki yangu wa zamani, akanipigia simu kutoka Kakuma. Amepata mnunuzi wa vikapu Juba, lori linaondoka Ijumaa, na wakala wa forodha amekataa kumwandikisha kupeleka mali nje. Cheti cha biashara kina jina moja, namba yake ya kodi ina jina lingine. Na cheti hicho, jamani, fomu yake niliijaza mimi, kwa mkono wangu huu.

Jumatatu alfajiri nikapanda basi. Basi liliposhuka mteremko wa Marich joto likaanza, nami ambaye zamani nilikuwa nikilalamika njia nzima, nikafungua dirisha nilipokee. Kainuk, Lokichar, ngamia wakivuka barabara bila haraka. Lodwar nilifika alasiri. Ofisi yetu ya zamani sasa ni duka la simu. Nilisimama nje nikitafuta dirisha langu, nikawakumbuka wote tuliokunywa chai pale, na machozi yakanilenga, nisiseme uongo. Muuzaji akaniuliza nataka chaja ya aina gani.

Jumanne saa nne nilikuwa Kakuma. Apalokori alinipokea mlangoni, kichwa kimeota mvi.

“Ejok, Mama Karani,” akanisalimu kwa Kiturkana, utadhani tuliachana jana.

Vikapu vilijaa chumba kizima. Mke wake na wenzake wa kikundi walikuwa wakivisuka tangu mvua zilizopita, na lori likiondoka bila vyao, mnunuzi angechukua vya watu wengine. Nikaomba kitambulisho. Kiliandikwa Ewoi Ekidor. Nikasoma mara mbili. Miaka yote ile ya chai na soga, kumbe jina la mtu huyu sikulijua!

Kwao mwanamume huitwa kwa dume lake la ng'ombe alipendalo. Yeye alikuwa na dume la madoa ya twiga, akaliimbia kila mahali, hata Lodwar nzima ikamwita kwa dume hilo, Apalokori. Siku ya fomu nilimuuliza jina la mwenye biashara, akanitajia lile analojivunia. Nami, karani mzima, sikuomba kitambulisho, eti namjua.

Nikamwambia twende Lodwar kesho tulifute jina hilo kwenye cheti. Akageuza mkononi kigoda chake kidogo, kile wazee wa kwao hutembea nacho.

“Ng'ombe yangu ilikufa na kiangazi,” akasema. “Hii jina imebaki kwa hiyo karatasi tu. Ukitoa, itakaa wapi?”

Chai yangu ikapoa.

Jumatano asubuhi tulikuwa ofisini Lodwar, mimi na yeye, mbele ya ofisa mmoja binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alibonyeza vitufe, akatutazama.

“Kwa kompyuta, mama, hawa ni watu wawili.”

Nikakiri kosa langu, na aibu ikanishika mbele ya msichana yule. Akatutuma kwa wakili, nikaapa kwamba niliyejaza fomu ni mimi na kwamba watu hao wawili ni mmoja. Tuliporudi nikamuuliza yule ofisa kwa upole kama lile jina la zamani haliwezi kupata pa kukaa. Akacheka kidogo. Mlipa kodi lazima awe wa kitambulisho, akasema, lakini biashara yenyewe haijapewa jina, na hilo ni la mwenyewe kuchagua.

Saa tisa cheti kipya kikatoka. Juu, jina la biashara: Apalokori. Chini, mmiliki: Ewoi Ekidor. Rafiki yangu alikishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya jina la juu. Tukamtumia wakala picha, naye akajibu vikapu vipakiwe.

Alhamisi, stendi ya Lodwar, aliniletea kikapu kimoja, akaniaga, akaondoka. Nilikuwa nimekaa ndani ya basi nikiwaza jinsi nilivyoandika majina ya watu maisha yangu yote bila kuwauliza vizuri. Nikaona nianze leo. Nikatoa kichwa dirishani nikaita, “Ewoi!”

Hakugeuka. Nikaita tena, kwa nguvu. Wapi.

“Apalokori!”

Akageuka papo hapo, akainua mikono yote miwili juu, akaipinda kama pembe.